Sahihi, neno la mdomo au baraka za mzee wa mtaa: uchague ridhaa gani ukienda kuhoji watu Mombasa

Kila msimu wa tasnifu, Kisauni, Majengo, Likoni na Mtwapa hupata wageni wenye hojaji. Wanaotafutwa ni walewale: vijana wanaotumia unga, yaani heroini, wasichana wa kazi za nyumbani, wanawake wanaofanya biashara ya ngono, akina mama ambao watoto wao wa kiume walichukuliwa wasirudi, wanaume waliomaliza kifungo gereza la Shimo la Tewa. Miongozo ya maadili inawaita makundi yaliyo hatarini. Mtaani wanajulikana kwa majina.

Swali la ridhaa huachwa hadi usiku wa kuamkia kupeleka pendekezo kwa kamati ya maadili. Hapo mtu huazima fomu ya mwenzake, akabadilisha kichwa, akaiacha ile mistari mitatu ya chini kama ilivyo: jina, sahihi, tarehe. Mimi nimekusanya data mjini humu chini ya watafiti wa kila namna, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ridhaa ichaguliwe kwa kuangalia nani ataumia siri ikitoka, na kwa wengi wa watu niliowataja hapo juu sahihi ni chaguo baya. Si kwa kila mtu wala kwa kila utafiti, na ndiyo sababu ya kulinganisha.

Njia zinazotumika ni tatu. Ya kwanza ni ya maandishi: mtu anasoma au anasomewa maelezo, kisha anatia sahihi. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na shahidi asiye upande wa mtafiti anatia sahihi kwamba yote yalisomwa. Ya pili ni ya mdomo: maelezo ni yaleyale, mtu anasema amekubali au hataki, na mtafiti anaandika jibu kwenye karatasi yenye namba tu, mbele ya shahidi. Ya tatu haimo kwenye miongozo kama njia inayosimama peke yake, lakini ndiyo inayoendesha mambo mitaani: kupitia mkubwa. Mzee wa mtaa, chifu, imamu, mwajiri, mume, muuguzi. Mkubwa akisema "hawa wageni wangu, zungumzeni nao," watu huzungumza.

Kalamu, dole na maana yake kwa anayeulizwa

Kwa mtafiti, sahihi ni ushahidi kwamba mtu alielezwa akakubali. Kwa bibi wa Likoni, karatasi yenye nafasi ya jina, namba ya kitambulisho na dole ina kazi yake inayojulikana: ni kuandikishwa. Pesa za wazee za Inua Jamii huandikishwa, basari ya mjukuu huandikishwa, unga wa msaada huandikishwa. Nimemshuhudia bibi akisomewa fomu yote, pamoja na ile sentensi inayosema hakuna faida ya moja kwa moja atakayopata. Akasikiliza kwa adabu, akaweka dole, akafuta wino kwenye leso, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, zatoka mwezi gani?" Kwa mkaguzi wa mradi, fomu ile ilikuwa kamili.

Na hapa Pwani dole lina historia. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wadai ardhi zao kwa maandishi mbele ya serikali ya kikoloni, na wengi ambao hawakudai walijikuta maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Migogoro yake ingaliko mpaka leo. Mzee anayesita kuweka dole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma anajua vizuri karatasi huweza kumfanya nini mtu.

Neno la mdomo linaondoa hofu hiyo. Udhaifu wake ni kwamba baadaye kila mtu anaweza kusema lake. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa iitwayo trovafloxacin kwa watoto. Watoto walikuwa 200, nusu wakapewa dawa hiyo na nusu wakapewa ceftriaxone, dawa iliyokuwa ikitumika tayari. Kumi na mmoja walikufa, watano upande wa dawa mpya na sita upande wa pili. Kampuni ilisema wazazi waliridhia kwa mdomo. Wazazi walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Kesi zilikwenda miaka na miaka, na mwaka 2009 kampuni ikafikia makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano, bila kukiri kosa. Nani alimwambia nani nini siku ile wodini, hakuna karatasi ya kulimaliza.

Ndiyo maana Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu utafiti kwa binadamu, lililopitishwa kwanza mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka ridhaa isiyo ya maandishi iwekwe kwenye kumbukumbu rasmi na ishuhudiwe. Ukichagua mdomo, basi, shahidi si pambo. Na shahidi huyo asiwe dereva wa mradi aliyeitwa kutoka kwenye gari.

Kuna jambo moja linalozisaidia njia zote, nalo halina gharama: kumgeuzia mtu swali. "Hebu nieleze mimi, tumekuja kufanya nini hapa?" Akijibu kwamba mmekuja kuwaandikisha, weka kalamu chini uanze upya.

Siku bahasha inapoanguka mikononi mwa mtu mwingine

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Chukua bahasha ya fomu zilizotiwa sahihi katika utafiti kuhusu wanaume wanaolala na wanaume. Hojaji zenyewe hazina majina, zina namba. Rekodi za sauti zimeshafutwa. Majina yamebaki sehemu moja tu, kwenye fomu za ridhaa. Karatasi iliyotungwa kumlinda mtu ndiyo pekee inayomtaja, tena kwa mwandiko wake mwenyewe. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatishia kifungo cha hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Wala polisi si hofu pekee. Februari 2010 umati ulivamia kituo cha KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, hapo Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Kituo hicho kilikuwa kikitoa huduma na kufanya utafiti wa Ukimwi. Siku ile hakuna aliyehitaji orodha, kuonekana mlangoni kulitosha. Sasa fikiria orodha ingekuwa juu ya meza.

Wanaotumia unga wako pahali hapohapo, maana kupatikana na kete ya heroini ni jinai, na fomu inayosema "nakubali kushiriki katika utafiti kuhusu watumiaji wa heroini" ni kama kiungamo. Vijana wa Majengo wanaoulizwa kuhusu itikadi kali wako pabaya zaidi. Huko jina likiwa kwenye karatasi ya mtu asiyejulikana, familia nzima hailali.

Watafiti wengi hudhani hawana hiari, kwamba kamati itawarudisha wakikosa sahihi. Kanuni za Marekani zinazosimamia utafiti wa binadamu, ambazo miradi mingi inayofadhiliwa kutoka huko hulazimika kuzifuata, zinairuhusu kamati kuondoa sharti la sahihi pale ambapo fomu ndiyo kitu pekee kinachomuunganisha mtu na utafiti, na hatari kubwa ni siri kuvuja. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo haisemi ridhaa lazima iwe ya kalamu. Inataka iwe ya wazi, ya hiari, ya jambo maalumu, kwa kauli au kwa tendo. Inachokuwekea mabegani ni mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa, na hapo ndipo karatasi yenye namba na sahihi ya shahidi inapofanya kazi yake.

Lakini jihadhari na ujanja unaopendwa siku hizi, wa kurekodi ridhaa ya mdomo kwa simu. "Sema jina lako na kwamba umekubali." Sauti ni kitambulisho, na mtaani sauti hutambulika haraka kuliko sahihi. Chuo cha Boston College, Marekani, kiliwahoji waliokuwa wapiganaji wa Ireland Kaskazini kwa ahadi kwamba kanda zitafungwa hadi wafe. Mwaka 2011 zikaja amri za mahakama kwa ombi la Uingereza, na baadhi ya kanda zikaishia mikononi mwa polisi. Waliohojiwa walikuwa wameamini chuo kikubwa chenye mawakili. Mtafiti wa shahada ya uzamili mwenye simu moja, ambayo pia ndiyo anayochezea muziki kwenye matatu, ana kinga gani?

Kwa hiyo kwa siri, mpangilio wangu ni huu: mdomo bila kurekodi, uliowekwa kwenye karatasi ya namba, uko mbele sana. Sahihi inafuata kwa mbali. Mdomo uliorekodiwa kwa jina uko nyuma ya vyote viwili.

Na ile njia ya mkubwa? Kwa siri haina hata pa kuipima. Mkubwa anajua nani aliingia, nani alitoka, na alikaa kwa muda gani.

Anayefungua mlango

Pamoja na hayo, mkubwa hakwepeki. Ukiingia mtaa bila kupita kwa mzee, kufikia alasiri utakuwa umeshaitwa mumiani, mnyonya damu za watu. Jirani zetu wa Kilifi wanalijua hilo. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kipo pale tangu 1989, na uvumi wa damu ulikisumbua, hata kikajenga utaratibu wa wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa vijijini ili maswali yapite na yarudi. Mlango unafunguliwa, ila kila mwenye nyumba bado anaulizwa peke yake. Azimio la Helsinki linasema hivyohivyo: inafaa kushauriana na familia au viongozi, lakini mtu mwenye uwezo wa kuamua asiingizwe bila kukubali mwenyewe.

Mitaani kwetu mambo huishia kwenye nusu ya kwanza ya sentensi hiyo.

Shida ya mkubwa ni kile alichonacho mkononi. Kwenye kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, mtu kwa kawaida hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Tiba hii ilianza kutolewa Kenya mwishoni mwa 2014 huko Mathari, Nairobi, ikaja Malindi, kisha Mombasa. Sasa muuguzi anayemkabidhi kikombe dirishani akimwambia, "Kaka, hawa wanataka kukuhoji kidogo," kaka atakataa vipi? Hajaambiwa kwamba kukataa kutamkosesha dozi, ila kesho asubuhi atasimama dirisha lilelile mbele ya uso uleule. Na ukimkuta mtu maskani kabla hajapata dawa, ana arosto, anatoka jasho na miguu haitulii, atatia sahihi chochote mradi uondoke au umpe mia. Aliyevuta muda huohuo akawa anabembea hasikii unachosoma. Katika hali zote mbili tofauti ya sahihi na mdomo inakuwa haina maana. Rudi saa nyingine, kwa mtu asiyehusika na dirisha.

Utafiti wa Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani, unatajwa kila mara kwa ukatili wake: kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, pamoja na wengine 201 wasio nayo wa kulinganishia, hata baada ya penisilini kuwa tiba ya kawaida katika miaka ya 1940. Ninachokitazama mimi pale ni muuguzi Eunice Rivers. Alikuwa mweusi kama wao, aliwajua majumbani, aliwapeleka kliniki kwa gari, aliwaamkia wake zao. Wanaume wale walibaki kwa imani yao kwake. Mtu wa kwenu akiwa mlangoni, watu hupunguza maswali.

Kuna mkubwa mmoja ningemwacha kabisa. Nyumba Kumi ni mpango wa serikali wa usalama mitaani. Kijana wa Majengo akikuona umeletwa na mwenyekiti wake wa Nyumba Kumi, ameshaamua umetoka wapi, na utakayoyaandika kutoka kwake ni yale anayoona yatakufanya uende zako. Bora upite kwa kituo cha vijana, kwa mwalimu wa madrasa anayeaminika, au kwa shirika ambalo limekaa na watu hao miaka, mfano Reachout au MEWA kwa upande wa waraibu. Nao wana dirisha lao, kwa hiyo maswali ya dozi yanawahusu pia.

Mwajiri je? Msichana wa kazi aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hivyo anahitajika mzazi au mlezi akubali, na yeye mwenyewe akubali. Mama mwenye nyumba si mlezi, hata akisema "huyu ni kama binti yangu." Mzazi yuko Kinango au Ganze na pengine anasubiri mshahara uleule. Utafiti wa namna hii usiuanze bila kuishirikisha kamati katika swali la nani anaweza kumsemea bila kumuuza. Mara nyingine jibu la kweli ni kutomhoji sasa hivi, bali kuwahoji waliokwisha kutoka kwenye kazi hiyo na kutimiza umri.

Anayebadili nia, na suala la nauli

Kujitoa ni haki, na sheria ya 2019 inampa mtu ruhusa ya kuondoa ridhaa wakati wowote. Hapa sahihi inashinda: una jina, unaipata data yake, unaifuta. Kwa njia ya namba humpati, mpaka umpe kikaratasi chenye namba yake na simu ya kamati. Kikaratasi hicho kisiandikwe jina la utafiti. Mume akikikuta mfukoni kiwe na namba na simu tu, mambo mengine abuni mwenyewe.

Nauli nayo imewekwa kando kana kwamba si sehemu ya ridhaa. Ukituma kwa M-Pesa, mhasibu anafurahi kwa kuwa kila shilingi ina risiti. Ila umeshatengeneza upya ile orodha uliyoikwepa: jina, namba, saa, na vyote viko kwenye taarifa ya miamala ya simu yako. Tena wanawake wengi simu zao hushikwa na watu wengine, na ujumbe wa pesa kutoka kwa mwanamume asiyejulikana ni kesi nyumbani. Kwa makundi haya nachagua pesa taslimu, zinazotosha nauli ya kwenda na kurudi na muda wa mtu, akitia alama kwenye namba yake. Wako wanaosema mraibu apewe sabuni au unga wa ugali badala ya pesa. Siupendi ushauri huo. Unamfanya mtu mzima mtoto, na sabuni huuzwa kona ya pili kwa nusu ya bei. Kinachofaa kuangaliwa ni kiasi: kikizidi sana kile ambacho angekipata kwa kibarua cha siku ile, unamnunua.

Mimi ningechagua hivi

Utafiti wa dawa au chanjo, au wowote unaochoma sindano: sahihi, au dole na shahidi huru, bila mjadala. Hatari ya mwili ni kubwa kuliko ya jina, na mgonjwa anahitaji karatasi ya kudai haki yake pale hospitali kuu ya Makadara ikiwa mambo yataharibika. Nakala moja aende nayo.

Mahojiano na wanaotumia unga, wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaolala na wanaume, au vijana wanaoogopa kuchukuliwa: mdomo, namba, shahidi kutoka shirika wanaloliamini, bila kurekodi sauti sehemu ya ridhaa. Omba kamati iondoe sharti la sahihi na uandike sababu kwa urefu. Kamati husikiliza ukiwaonyesha ni karatasi gani hasa ingemtaja nani.

Wafungwa walio ndani bado: askari akiwa chumbani, hakuna njia kati ya hizi tatu inayofaa. Subiri watoke, au upate chumba ambacho askari anaona lakini hasikii.

Wazee wa Likoni na Kisauni kwenye hojaji ya kawaida ya afya au maisha: mdomo na shahidi, pamoja na lile swali la kugeuziana, na uwe tayari kwa "zatoka mwezi gani" mara kadhaa kabla hujaondoka.

Akina mama wa waliopotea wamenifundisha kutoamua kwa niaba ya mtu. Wengine wameshasimama mbele ya kamera na picha ya mwana kifuani, wametaja jina lake, jina lao na mtaa wao. Ukiwaletea fomu ya siri yenye namba, wanakuona kama mtu mwingine tena anayetaka kulificha lile jina. Kwa hao waulize waziwazi kama wanataka jina lao liandikwe au la, na wakitaka, watie sahihi kwa jina lao kamili. Ila uliza tena siku ya pili, wakiwa wamelala juu ya jambo hilo na wamezungumza na wale watoto waliobaki nyumbani.